Uvimbe wa Shingo: Chumvi Imefanya Sehemu Yake, Uchunguzi Ndio Uliobaki

Siku ya soko mjini Molo au Olenguruone, si ajabu kumwona mama wa makamo amejifunga skafu shingoni hata jua likiwa kali. Akiulizwa, atasema ni baridi ya asubuhi. Wanaomfahamu wanajua kwamba chini ya kitambaa kile kuna uvimbe aliokaa nao tangu usichana wake, uvimbe usiouma, ambao familia imeuzoea kiasi cha kutouona tena. Wajukuu wake walio shuleni hawana uvimbe wa aina hiyo.

Tofauti hiyo kati ya nyanya na wajukuu ni mojawapo ya mafanikio makubwa ya afya ya umma nchini Kenya. Haikuletwa na sindano wala upasuaji, ililetwa na chumvi. Hata hivyo, mafanikio hayo yameacha deni. Watu waliokua kabla ya chumvi kuanza kutiwa madini ya iodini bado wako nasi, na vinundu vilivyoota shingoni mwao wakati ule havikuyeyuka. Vingi si hatari. Vichache ni saratani, na kwa macho tu hakuna awezaye kuvitofautisha.

Tezi gani hasa?

Kwanza jina, kwa sababu jina limewachanganya wengi. Mtu akisikia "saratani ya tezi" hufikiria tezi dume, inayowapata wanaume. Somo hili halihusu hiyo. Linahusu tezi ya thairoidi, kiungo kidogo chenye umbo la kipepeo kilichokaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo. Kila mtu anayo, mwanamke kwa mwanamume, mtoto kwa mzee.

Kazi ya tezi hii ni kutengeneza homoni zinazoamua kasi ya mwili: moyo upige kwa haraka gani, joto la mwili liwe kiasi gani, chakula kitumike vipi, na ubongo wa mtoto aliye tumboni ujengeke namna gani. Malighafi ya homoni hizo ni iodini. Ndugu zetu wa Tanzania huiita madini joto. Mwili hauwezi kuitengeneza. Ni lazima iletwe na chakula.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo ajabu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate maikrogramu 150 kwa siku. Mama mjamzito au anayenyonyesha anahitaji 250. Maikrogramu ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara milioni moja, kwa hiyo iodini yote ambayo mtu atahitaji maisha yake yote haijazi kijiko kimoja cha chai.

Mvua ya milimani

Ikiwa ni kidogo hivyo, kwa nini watu waikose? Jibu liko chini ya miguu yetu. Hifadhi kubwa ya iodini duniani ni bahari. Ardhini, iodini hukaa kwenye tabaka la juu la udongo, na mvua kubwa inayonyesha miaka nenda miaka rudi huiosha na kuipeleka mitoni. Nyanda za juu zenye miteremko na mvua nyingi ndizo hupoteza zaidi. Mau, Kuresoi, Subukia na nyanda za jirani za Nyandarua zina udongo mzuri wa viazi na kabichi, lakini zao linaloota mahali pasipo na iodini halina iodini, hata liwe limenawiri vipi. Ng'ombe anayekula majani ya hapo naye atatoa maziwa yenye iodini kidogo, isipokuwa apewe chakula au chumvi ya mifugo iliyoongezwa madini.

Maziwa yetu ya Bonde la Ufa hayakusaidia kama ambavyo mtu angetarajia. Samaki wa baharini ana iodini nyingi. Samaki wa maji baridi, kama anayevuliwa Naivasha, ana iodini kidogo.

Miaka ya 1960, wachunguzi waliopita katika nyanda za juu za Kenya wakipima shingo za wakazi walikuta maeneo ambako goita ilikuwa jambo la kawaida kabisa. Kuna vijiji ambako shingo nyembamba ndiyo iliyokuwa ikishangaza watu. Serikali ilichukua hatua mwaka 1978, pale utiaji wa iodini katika chumvi ulipofanywa kuwa lazima chini ya Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali. Uchaguzi wa chumvi ulikuwa wa busara. Tajiri na maskini wote huila, kila siku, karibu kwa kiasi kilekile, na viwanda vinavyoitengeneza ni vichache na vinaweza kukaguliwa. Nyingi ya chumvi yetu huvunwa pwani, kwenye mabwawa ya Gongoni na Marereni huko Kilifi. (Wengi hudhani chumvi ya bahari tayari ina iodini. La hasha. Iliyomo baada ya maji kukaushwa na jua haitoshi hata kidogo, na ndiyo maana kiwandani hunyunyiziwa potasiamu iodeti.)

Matokeo hayakuja kwa siku moja. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 1994 ulikuta goita kwa watoto wa shule wapatao 16 katika kila 100. Kufikia mwaka 2004 walikuwa wameshuka hadi 6. Leo karibu kila nyumba nchini ina chumvi yenye iodini jikoni, na hapa Kenya inatangulia nchi nyingi zilizo tajiri kuiliko.

Sasa hesabu ya miaka. Mtu aliyezaliwa mwaka 1960 alikuwa na miaka 18 sheria ilipoanza, na miaka mingine ilipita kabla ya chumvi hiyo kufika kila duka la kijijini. Tezi yake ilijengeka katika njaa. Huyo ndiye mama wa skafu.

Tezi ikilazimishwa kufanya kazi bila malighafi

Iodini ikipungua, homoni hupungua. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo, pituitari, ambayo kazi yake moja ni kulinda kiwango hicho. Ikiona homoni zimeshuka hutuma ujumbe wake, homoni iitwayo TSH, ambayo ni kama mnyapara anayepiga kelele: fanya kazi zaidi! Tezi ya thairoidi hutii kwa njia pekee inayoijua. Hukua ili inase kila chembe ya iodini inayopita kwenye damu. Ndiyo goita.

Mwanzoni goita hukua sawasawa, laini pande zote, na kwa kijana inaweza kurudi akipata iodini ya kutosha. Miaka ikizidi, mambo hubadilika. Seli za tezi haziitikii TSH kwa nguvu sawa. Zilizo na pupa hugawanyika haraka kuliko nyingine na kujikusanya kama viazi vidogo ndani ya gunia. Vikundi hivyo ndivyo vinundu. Kinundu kikishajijenga, chumvi haikiondoi. Wakati mwingine hata huacha kusikiliza TSH na kuendelea kwa amri yake chenyewe.

Na saratani? Hapa inafaa kusema kile kinachojulikana bila kuongeza chumvi. Kila seli inapogawanyika kuna nafasi ndogo ya kunakili makosa, na seli zinazosukumwa zigawanyike kwa miaka 30 au 40 zina nafasi nyingi zaidi kuliko zilizotulia. Wanasayansi bado wanabishana iwapo ukosefu wa iodini unaongeza idadi ya saratani zote za thairoidi zikijumlishwa pamoja. Wasichobishania sana ni kwamba unabadilisha aina zake.

Saratani inayoonekana zaidi duniani kwenye tezi hii huitwa papilari. Hukua polepole, na ikitibiwa mapema wagonjwa zaidi ya 90 katika 100 huishi miaka mingi. Aina ya pili huitwa folikula. Hii hupenda kusafiri kwa njia ya damu hadi kwenye mapafu na mifupa. Aina ya tatu, anaplastiki, ni nadra lakini ni kali mno. Mara nyingi humjia mtu mzee aliyekuwa na goita ya siku nyingi, na uvimbe hukua kwa wiki badala ya miaka. Mahali pasipo na iodini ya kutosha, folikula na anaplastiki huchukua sehemu kubwa zaidi ya saratani zote za thairoidi. Iodini ikiletwa, aina hizo mbili hupungua na papilari ndiyo inayotawala. Mabadiliko hayo yameonekana katika nchi za milima za Ulaya zilizotia iodini kwenye chumvi, na katika hospitali nyingi za Afrika sehemu ya folikula imekuwa kubwa kuliko ile ya nchi zilizoshiba iodini zamani.

Kwa maneno mengine, hata pale ambapo chumvi haikuzuia saratani, inaonekana ilibadilisha adui mkali kwa adui mpole zaidi.

Ushahidi mwingine wa uhusiano huu ulitoka mbali na kwa njia ya huzuni. Kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka Aprili 1986, iodini yenye mionzi ilienea hewani, ikatua kwenye nyasi, ikaingia kwenye maziwa ya ng'ombe na kunywewa na watoto. Tezi yenye njaa haichagui. Ilifyonza ile yenye mionzi kama ambavyo ingefyonza nyingine. Watafiti waliofuatilia watoto wa Belarus na Urusi walikuta kwamba mionzi ilileta saratani nyingi zaidi kwa waliokulia kwenye udongo uliokosa iodini kuliko kwa waliokulia penye iodini ya kutosha.

Kabichi na sukuma wiki je?

Swali hili huulizwa karibu kila kikao cha afya, na linaeleweka katika kaunti inayolima mboga. Ni kweli kwamba kabichi, sukuma wiki na mihogo vina kemikali zinazoweza kuizuia tezi isinase iodini. Kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu mashariki mwa Kongo, ndicho kilichofundisha dunia jambo hili. Madaktari waliofanya kazi huko kuanzia miaka ya 1960 walikuta kisiwa kizima kina upungufu wa iodini. Lakini kaskazini zaidi ya nusu ya watu walikuwa na goita, na kusini-magharibi walikuwa wachache sana. Maji yalikuwa yaleyale na upungufu uleule. Tofauti waliyoipata ilikuwa chakula: upande mmoja ulitegemea sana mihogo isiyoondolewa sumu ipasavyo.

Fundisho la Idjwi lina pande mbili. Chakula kinaweza kuzidisha goita, lakini tu pale ambapo iodini tayari imepungua. Mtu anayepata iodini ya kutosha, akila sukuma wiki iliyopikwa kila jioni, hana sababu ya kuiogopa. Mihogo ilowekwe na kupikwa vizuri. Sigara ndiyo ya kuachwa kwa kila hali, maana moshi wake nao una kemikali ya jamii hiyo hiyo inayozuia iodini.

Jambo jingine linalochanganywa ni floraidi. Visima vingi vya Bonde la Ufa, Nakuru ikiwemo, vina floraidi nyingi, na wakazi wanaijua kwa meno ya kahawia na, kwa waliokunywa kwa miaka mingi, maumivu ya mifupa. Hilo ni tatizo lake lenyewe na linahitaji maji yaliyochujwa. Lisichukuliwe kuwa ndiyo sababu ya goita, wala mtu asidhani chumvi yenye iodini itaondoa madoa ya meno.

Basi tule chumvi zaidi?

Hapana. Hesabu yenyewe inajieleza. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka kilo moja ya chumvi iwe na potasiamu iodeti kati ya miligramu 50 na 84, ambayo ni sawa na iodini ya miligramu 30 hadi 50. Kwa hiyo gramu moja ya chumvi ina maikrogramu 30 au zaidi. Mtu mzima anashauriwa asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kilicho sawa na ukingo, ikihesabiwa pamoja na ile iliyo kwenye mkate, krips na mchuzi wa pakiti. Gramu 5 mara 30 ni 150. Ndicho kiasi hasa anachohitaji. Zaidi ya hapo anaongeza shinikizo la damu, si afya ya tezi.

Kinachopaswa kubadilika kwa wengi ni aina ya chumvi na namna ya kuitunza. Iodini hupotea chumvi ikiachwa wazi, ikipata unyevu, au ikikaa karibu na moto. Iwekwe kwenye mkebe wenye kifuniko, mbali na jiko, na itiwe chakula kikikaribia kuiva. Mnunuzi aangalie pakiti iwe na alama ya KEBS na maandishi kwamba imetiwa iodini. Chumvi ya ng'ombe haikukusudiwa sufuria ya watu hata bei yake ivutie. Magadi yanayolainisha maharagwe si mbadala wa chumvi. Na ile chumvi ya rangi ya waridi inayouzwa ghali kwenye supamaketi, ikisifiwa kuwa ya asili, mara nyingi haina iodini ya maana. Mama mjamzito anayeitumia peke yake analipa zaidi kupata kidogo.

Kuna onyo la pili, nalo ni kwa wenye goita ya zamani hasa. Wapo wanaouziwa matone au vidonge vya iodini kwa ahadi kwamba uvimbe utayeyuka. Miaka ya 1990, chumvi yenye iodini nyingi ilipoingia kwa haraka Kivu, na vilevile Zimbabwe, madaktari waliona wagonjwa wenye goita kuukuu wakija na moyo unaokimbia, mikono inayotetemeka na mwili unaokonda. Vinundu vyao vilivyokuwa vimeacha kutii amri vilipata malighafi ghafla na kuanza kumwaga homoni bila kipimo. Chumvi ya kawaida ya mezani haina shida. Matone ya kujinunulia yanaweza kumpeleka mzee hospitalini kwa ugonjwa wa moyo.

Kinundu kikionekana

Wataalamu hukuta saratani katika vinundu kati ya 5 na 15 kwa kila 100 vinavyochunguzwa. Maana yake, anayegusa shingo na kukuta kinundu ana nafasi kubwa zaidi ya kuambiwa si saratani. Wanawake hupata vinundu mara nyingi kuliko wanaume, lakini kinundu cha mwanamume, cha mtoto au kijana mdogo, na cha mtu aliyewahi kupigwa mionzi ya matibabu shingoni huchukuliwa kwa uzito zaidi. Vivyo hivyo kwa mwenye ndugu wa damu aliyeugua saratani ya thairoidi.

Zipo dalili ambazo hazingoji siku ya soko ijayo: uvimbe uliokaa miaka mingi ukaanza kukua ghafla, sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, kupumua kwa shida hasa mtu akilala chali, kinundu kigumu kama jiwe kisichosogea, na tezi nyingine zilizovimba kando ya shingo. Maumivu ya mfupa yasiyoeleweka kwa mtu mwenye goita ya miaka mingi nayo yatajwe kwa daktari, kwa sababu ya ile aina ya folikula na safari zake. Chakula kukwama kooni ni dalili ya kuangaliwa mara moja, awe na goita au asiwe nayo. Saratani ya umio ni nyingi katika ukanda huu wa Bonde la Ufa, na haifai kuilaumu goita kumbe mgonjwa ni koo lenyewe.

Safari ya uchunguzi huanzia karibu na nyumbani, kwenye zahanati au kituo cha afya, ambako mhudumu atapapasa shingo na kuandika barua ya rufaa. Katika hospitali kubwa hatua tatu hufuatana. Kipimo cha damu cha TSH huonyesha kama tezi inafanya kazi kupita kiasi, chini ya kiasi au sawasawa. Picha ya altrasaundi huonyesha ukubwa wa vinundu na sura zake. Haiumi, na hutumia mawimbi ya sauti wala si mionzi. Kinundu kikitiliwa shaka, daktari hufyonza chembe zake kwa sindano nyembamba, nyembamba kuliko nyingi zinazotumiwa kutoa damu, na maabara huzisoma kwa hadubini.

Hapa ndipo wagonjwa wengi hukata tamaa, hivyo panahitaji maelezo. Sindano inaweza kutambua papilari vizuri. Folikula haiwezi kuithibitisha. Seli za uvimbe wa folikula usio na madhara na zile za saratani ya folikula hufanana kabisa. Tofauti yake ni kama zimevunja ukuta wa kinundu na kutoka nje, na ukuta huo huonekana tu kinundu kikiwa kimetolewa kizima. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kupewa majibu yanayosema "haijulikani" na kushauriwa afanyiwe upasuaji wa kutoa nusu ya tezi ili ijulikane. Daktari hajakosa ujuzi wala hatafuti pesa. Hicho ndicho kikomo cha sindano, na kinawagusa zaidi watu wa nyanda zilizokosa iodini kwa sababu aina hiyo ndiyo yao.

Wanaotolewa tezi yote humeza kidonge cha homoni ya thairoidi kila siku maisha yao yote, asubuhi kabla ya kula. Ni kidonge kidogo, na anayekimeza bila kuruka hulima, hufanya biashara na hulea kama kawaida. Kabla ya kusaini fomu ya upasuaji, mgonjwa ana haki ya kuuliza kuhusu sauti, maana neva zake hupita nyuma ya tezi, na kuhusu kalsiamu ambayo huweza kushuka baadaye. Baadhi ya wagonjwa wa saratani huhitaji pia iodini yenye mionzi, ileile tabia ya tezi ya kunasa iodini ikitumiwa safari hii kuua seli zilizobaki. Matibabu hayo hutolewa katika hospitali chache nchini na hufanywa kwa rufaa.

Je, basi kila mtu mzima akapigwe altrasaundi? Korea Kusini ilikaribia kufanya hivyo. Saratani za thairoidi zilizogunduliwa huko ziliongezeka mara 15 kati ya mwaka 1993 na 2011, lakini vifo havikupungua wala kuongezeka. Maelfu walipoteza tezi zao kwa ajili ya vijisaratani ambavyo vingekaa kimya hadi wafe kwa uzee. Kwa hiyo asiye na uvimbe wala dalili hahitaji picha. Mwenye uvimbe ndiye anayehitaji, na hata kama ameuzoea kwa miaka 40, hajachelewa kuuonyesha.

Kujitazama kwa kioo na glasi ya maji

Njia hii inafaa nyumbani, na wajukuu wanaweza kumsaidia nyanya yao. Simama mbele ya kioo penye mwanga, shingo ikiwa wazi. Inua kidevu, utazame sehemu iliyo chini ya kongomeo na juu ya mifupa ya bega. Kunywa funda moja la maji na umeze huku ukitazama. Tezi ya thairoidi hupanda na kushuka mtu anapomeza, na kinundu kilicho ndani yake hupanda nayo. Rudia mara mbili au tatu, kisha upapase polepole kwa ncha za vidole, kushoto na kulia.

Ukiona au kugusa kitu, andika mambo manne kwenye karatasi kabla ya kwenda kituoni: uvimbe ulionekana mwaka gani kwa kukadiria, umebadilika lini mara ya mwisho, ni nani mwingine katika ukoo mwenye uvimbe kama huo, na dawa zote unazotumia pamoja na za mitishamba. Picha ya zamani yenye shingo kuonekana, hata ya kitambulisho au ya harusi, ibebwe pia, kwa maana humwonyesha daktari uvimbe umekua kwa kasi gani. Asiyeweza kufika amweleze mhamasishaji wa afya ya jamii anayetembelea nyumba za kijiji chake, ambaye ataandika rufaa ya kituo kilicho karibu.